Rupia ya Mjomba na Kifungo cha Ras Kasone

Msomaji wangu mpenzi, wiki mbili hukuniona katika ukurasa huu na najua maneno yalishaanza vijiweni. Wako waliosema nimechacha, wako waliosema nimeoa kimya kimya. Acheni hizo bwana. Nilikuwa Tanga, ndani ya shimo, nimeshika jembe.

Kisa chenyewe kilianzia kwa mama. Alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo mama hapigi simu ila kuwe na msiba. "Mjomba wako kapagawa," akasema. "Hela ya bati kaipeleka kwenye mashine ya kutafutia rupia za Mjerumani. Mkewe analia. Nenda kamwone kabla hajauza na milango." Mama ndiye dada mkubwa, akisema nenda, huulizi nauli iko wapi.

Huhitaji kuelezwa rupia za Mjerumani ni kitu gani. Nenda Lushoto, nenda Songea, nenda Tukuyu, hukosi mtu wa kukuambia kwamba Mjerumani alipokuwa anakimbia alifukia mali chini ya mbuyu fulani na kupigilia msumari kama alama. Watu wazima na ndevu zao wanachimba usiku. Na mimi siku zote nilikuwa nawacheka, mpaka aliyechimba alipokuwa wa kwetu.

Basi nikapanda la alfajiri. Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350, Chalinze unakunywa chai, Segera watu wa Moshi wanakwenda kushoto na wewe unakata kulia, halafu Muheza na machungwa yake, kisha mkonge, mkonge, mkonge hadi unasinzia. Tanga penyewe hapana haraka. Barabara pana, baiskeli kila upande, watu wanasalimiana mpaka habari ya kuku. Ukitoka Dar unaona kama mji mzima uko likizo.

Kiwanja cha mjomba kiko njia ya Ras Kasone, ile rasi inayoangalia ghuba. Mahali pazuri sana, upepo wa bahari unakupiga usoni, kwa mbali unakiona kisiwa cha Toten. Alikinunua zamani, kabla viwanja vya upande huo havijawa vya wenye nazo. Nyumba imefika kwenye lenta. Kilichobaki ni paa. Mahali pa kuchimba shimo la choo ndipo nilipomkuta, kichwa tu kinaonekana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu! Umekuja kwa wakati. Shika jembe."

Mkazamjomba alikuwa kakaa mlangoni anachambua dagaa. Hakusema kitu. Alinitazama tu, nikajua nimetumwa na wawili.

Pembeni alikuwepo kijana mmoja amevaa visikizio vikubwa kichwani kama mtangazaji wa redio, mkononi ana fimbo yenye sahani ya duara chini. Hiyo ndiyo mashine. Kukodi ni shilingi 150,000 kwa siku, na ilikuwa siku ya nne. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilishindwa kula.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikataka kujua inavyofanya kazi. Yule kijana si mchoyo wa maneno. Ile sahani ndani yake mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita humo inatupa nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta chuma au shaba, kile kitu nacho kinaamka na kurudisha nguvu yake ndogo, na mashine inasikia jibu na kulia. Kila madini yana jibu lake. Msumari unanguruma kwa sauti nzito, fedha inapiga kengele nyembamba. Lakini karibu na bahari udongo una chumvi, mashine inaweza kulia bure kabisa kama mtoto asiye na njaa. Na haijui thamani. Karatasi ya sigara inaweza kuimba vizuri kuliko pete ya ndoa.

Ushahidi ulikuwa kwenye ndoo. Siku nne za kazi zilikuwa zimetoa vizibo vya soda visivyohesabika, makopo ya samaki, bawaba ya mlango, misumari kilo nzima na kijiko. Mjomba alikuwa anakitazama kile kijiko kwa huruma, eti huenda kilikuwa cha gavana.

Sasa usimwone mjomba mjinga. Pale alipo si mahali pa mchezo. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Mwingereza iliyoitwa Fox iliingia Tanga na kuwataka Wajerumani wasalimishe mji. Usiku ule jeshi lililotoka India likaanza kushuka pale pale Ras Kasone. Walikuwa kama 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Wengi wao Wahindi, pamoja na kikosi cha Waingereza kutoka Lancashire. Upande wa pili Luteni Kanali Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Tarehe 4 vita ikapamba moto kwenye minazi na mashamba kati ya rasi na mji. Baadhi ya wavamizi waliingia mpaka mitaani, wengine wakarudi mbio. Katikati ya rabsha mizinga ya nyuki ikapigwa risasi, nyuki wakatoka na kuuma kila mwenye ngozi bila kuuliza bendera. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka. Waliacha bunduki 455, bombomu 16, risasi 600,000, na nguo ambazo inasemekana ziliwatosha watu wa Lettow mwaka mzima.

Hizo nguo zishike kichwani, nitazirudia.

Alasiri mashine ikapiga kengele ile nyembamba. Kijana akavua visikizio, akanyamaza. Mjomba akaacha sepetu, akachimba kwa mkono kama anafukua mayai ya kasa. Kikatoka kitu cha duara, cheusi. Mjomba akakifuta kwenye suruali, akakitazama, akakaa chini. Ilikuwa rupia.

Bwana we! Hata mkazamjomba alisimama.

Dakika chache baadaye, kwenye udongo ule ule uliotolewa, nikaokota mwenyewe kitu kingine kidogo, kijani kama ukungu wa mkate, nyuma kina kijishikizo. Kifungo. Hakuna aliyenisikiliza. Nikakitia kwenye kiberiti.

Usiku ule mjomba hakulala, na mimi sikulala kwa sababu yake. Nikamwambia kilichonileta. Hakukasirika. Alinijibu kitu ambacho sikukitegemea.

"Unamjua babu wa bibi yako?"

Nilijua kidogo tu. Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, akaingia askari wa Mjerumani, akaenda vitani, hakurudi.

"Hakurudi na hakulipwa," mjomba akasema. "Wewe unaona natafuta utajiri. Mimi nadai mshahara. Mjerumani akifukia hela yake kwenye ardhi yangu, hiyo si yake tena."

Nikakosa la kusema, msomaji. Maana si uongo. Lettow aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na askari wake walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Mpaka mwaka 1964 ndipo Ujerumani Magharibi ilipotoa fedha kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba kule Mwanza wazee wengi walifika bila karatasi yoyote, wengine wameshika vipande vya sare za zamani, na yule afisa wa malipo akawapa fagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani washike silaha. Wote walikumbuka. Lakini babu yetu alikuwa ameshakufa, na mjane wake Ujiji hakuwa na karatasi, nguo wala wa kushika fagio.

Asubuhi akaja mtu. Sijui nani alimwambia, habari ya rupia inatembea kuliko basi. Suruali imenyooka, mkoba wa ngozi, anajiita wakala wa wanunuzi wa nje. Akaitazama rupia ya mjomba, akatoa punje za mchele, akatikisa kichwa, akasema hii inaonekana "ina nguvu" na kuna Mwarabu atatoa mamilioni. Ila lazima ipimwe kwanza kwa dawa maalumu. Dawa ni shilingi 400,000. Mjomba akaingia ndani. Nilijua anakwenda kuchukua nini, ile iliyobaki ya bati, na mkazamjomba naye alijua, akaanza kulia kwa sauti.

Nikamwambia yule bwana, kaka, subiri mpaka saa nane. Kama ni ya mamilioni leo, saa nane haitakuwa ya maelfu. Akasema Mwarabu anaondoka saa sita. Hapo hata mjomba akasita kidogo, maana na yeye aliwahi kuuza bajaji kwa mtu aliyekuwa na haraka.

Tukapanda baiskeli mbili mpaka Ngamiani kwa sonara mmoja mzee sana. Alikuwa anarekebisha hereni. Hakuuliza tumeipata wapi. Aliiweka kwenye mizani kwanza, kabla hata hajaitazama: gramu 11 na nusu.

"Rupia nzima isiyolika ni gramu 11.66," akasema. "Hii imelika mfukoni kwa watu. Fedha halisi humo ni sehemu 917 kwa 1,000. Na hii si ya Mjerumani."

Mjomba akawa kama kapigwa kofi.

Mzee akatoa kopo, akatuwekea mezani rupia mbili. Ya Mjerumani, akasema, itazame sura. Kaiser Wilhelm amevaa kofia ya chuma na juu yake kakaa tai, na maandishi yake ni Guilelmus II Imperator. Zile za mwanzo, kuanzia 1890, nyuma zina simba na mnazi, ni za ile kampuni ya Kijerumani. Za baadaye, kuanzia 1904, ni za serikali yenyewe. Kisha akageuza yetu chini ya lenzi. Mfalme mwenye taji, ndevu, joho. Huyo ni George wa Tano. Nyuma imeandikwa rupia moja ya India, mwaka 1912.

"Ingekuwa ya 1911 ningekuomba nikuuzie chai," mzee akatania. Akatuonyesha kwenye joho la mfalme tembo mdogo sana. Mwaka 1911 aliyechora tembo huyo alimpa mkonga mfupi, watu India wakasema ni nguruwe, ikawa zogo, Waislamu na Wahindu wote wakachukia. Serikali ikaziondoa na nyingi zikayeyushwa, mwaka uliofuata tembo akatengenezwa upya. Kwa hiyo za nguruwe ni chache na za tembo zimejaa.

Nikamuuliza, basi hii ni ya askari wa Kihindi aliyekufa pale? Akanicheka. Rupia za India zilikuwa zinatumika pwani yote, upande wa Mwingereza na hata upande wa Mjerumani, mpaka shilingi ilipokuja miaka ya mwanzo ya 1920. Mwaka ulioandikwa unakuambia haikudondoka kabla ya hapo. Baada ya hapo angeweza kuidondosha yeyote, hata mke wa mvuvi anayetoka sokoni.

Na dhahabu, mjomba akauliza, sauti imeshuka. Mzee akasema dhahabu ya Mjerumani ipo kweli, si hadithi. Mwaka 1916, Ujerumani ilipokuwa haiwezi kuleta hela kwa meli, walipiga Tabora, kwenye karakana ya reli, sarafu za rupia 15 zenye tembo na mlima, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa 16,198. Lakini Tanga ilichukuliwa na Mwingereza mwezi Julai mwaka huo huo, na reli ya Tanga na ile ya kati zilikuwa hazijaungana. Aitoe nani Tabora aje aifukie Ras Kasone, akiwa anakimbia kuelekea kusini?

Mjomba hakujibu. Mzee akataja bei atakayotoa. Haikufika hata kukodi mashine siku moja.

Nikakumbuka kiberiti. Mzee akakitazama kifungo, akanizuia mkono nilipotaka kukisugua kwa kitambaa. "Maji safi na mswaki laini, basi. Ukitia ndimu au majivu unaondoa maandishi pamoja na uchafu." Akakisafisha taratibu. Mbele pakatokea simba na farasi mwenye pembe moja wameshika ngao, na taji juu. Nembo ya mfalme wa Uingereza.

Vijana wenzangu mnaopenda kununua vitu vya kale minadani, hapa ndipo pa kujifunza. Kwanza geuza nyuma. Nyuma ndiko walikoandika kiwanda na mji. Changu kilikuwa kimeliwa, nilipopiga picha kwa simu na kuikuza nikaona BIRMINGHAM. Pili, tazama taji. Lile la wafalme wanne wa kuanzia 1901 hadi 1952 mikono yake imeinuka mviringo kama kuba. La Malkia Victoria na la Elizabeth limebonyea katikati. Langu lilikuwa kuba. Kifungo cha namna ile walivaa wanajeshi wa kawaida wa Uingereza tangu 1871, vikosi karibu vyote, kwa hiyo hakikutajii kikosi. Cha Schutztruppe ya Mjerumani kingekuwa na taji peke yake, taji la Kaiser, bila simba.

Nikasema basi, Mwingereza wa Lancashire, 1914, nimemaliza. Niko kwenye baiskeli narudi ndipo zile nguo zikanijia. Nguo za mwaka mzima! Askari wa Lettow walivaa nini mwaka 1915? Hilo koti angeweza kulivaa kijana wa Lancashire ambaye hakurudi kwao. Angeweza kulivaa pia Mmanyema wa Ujiji, ameliokota baada ya nyuki kutulia. Na fikiria, msomaji: kama mjane wake mwaka 1964 angekuwa na kifungo hicho, akakipeleka Mwanza kudai mshahara, yule afisa angemwambia mama, hiki ni cha Mwingereza.

Sikumwambia mjomba. Alikuwa anaendesha mbele yangu, mgongo umeinama.

Yule mtu wa mkoba tulipofika alikuwa ameshaondoka. Mwarabu wake bila shaka aliwahi ndege. Kijana wa mashine akalipwa siku ya tano akaondoka pia. Kabla hajaenda aliniambia jambo ambalo angesema siku ya kwanza ningemheshimu zaidi: manowari ile ilipiga mizinga kuelekea mjini, na ukikutana ardhini na kitu cha chuma kirefu, kimechongoka, usikigonge wala usikibebe. Weka alama, ondoka, waite polisi. Nami baadaye nikaja kusoma kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka uwe na leseni kabla ya kuchimba kutafuta vitu vya kale, hata kama hati ya kiwanja ina jina lako. Mjomba alipolisikia akasema yeye alikuwa anachimba choo. Nikamwambia wewe, choo cha mita nne kina kona sita?

Jioni hiyo tukaenda kumsalimia bibi. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Nikamwekea kifungo kiganjani, akakigeuza geuza kwa kidole gumba.

"Cha nani?"

"Sijui, bibi. Cha askari."

"Askari wa nani?"

Nikasema hata hilo sijui. Akanyamaza. Mjomba akawa anatazama nje, kama mtu anayesubiri mvua. Kisha bibi akafungua pindo la khanga, pale anapofunga hela yake, akakitia humo na kukaza fundo.

Rupia ya tembo mjomba hakuiuza. Amempa mkewe, sijui kama ni zawadi au ni kuomba radhi, na mkewe kaipokea bila kutabasamu. Nilipoondoka kesho yake fundi alikuwa ameshaanza kupanga matofali ndani ya lile shimo. Bati bado.